Kumwandikisha mtoto katika klabu ya 4-H ya kaunti hapa Iowa: naomba maelekezo

Mama wa Wanne aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nyumbani tuko watu sita. Tulitoka Uvira, Kongo, tukakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tunaishi katika mji mdogo kusini mwa jimbo la Iowa, Marekani, ambako ukishapita kituo cha mafuta cha mwisho huoni kingine ila mahindi na soya. Mume wangu anafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, nami nafanya usafi hospitalini kuanzia alfajiri hadi mchana. Watoto wetu ni binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10, mwingine wa miaka 6, na kitindamimba ambaye bado ananyonya.

Yule wa miaka 10 alirudi kutoka shuleni na karatasi yenye picha ya jani la kijani lililogawanyika sehemu nne, inayowaalika watoto kujiunga na klabu ya 4-H ya kaunti, na tangu siku hiyo hanipi nafasi ya kupumua. Nimewauliza watu wawili ninaowaamini, lakini majibu yao yamenizidishia mashaka. Jirani yangu, ambaye ni mwenyeji wa hapa, alisema kwamba hiyo ni klabu ya watoto wa wakulima wenye ng'ombe na mashamba, ilhali sisi tumepanga ghorofa ya pili ambako hata kuku haruhusiwi. Dada mmoja wa kanisani naye alinionya kwamba watoto huapishwa, na kwamba nichunguze kiapo hicho ni cha nini kabla sijaweka saini popote.

Naomba mwenye kujua anieleze: mtoto ambaye bado si raia anakubaliwa? Gharama ikoje? Nani anawaangalia watoto wanapokuwa huko? Na mtoto asiye na mnyama wala shamba atakuwa anafanya nini? Kiingereza changu ni cha kazini, kinatosha kusalimiana na kuelewa maagizo, lakini fomu ndefu hunishinda.

Mlezi wa Klabu alijibu:

Mama, karibu sana. Mimi ni Mtanzania, ninaishi hapa hapa Iowa katika kaunti nyingine, na ninajitolea kama mlezi wa klabu moja ya 4-H, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na mwenye mali. 4-H si kampuni, si chama cha siasa, wala si kanisa. Ni programu ya vijana inayoendeshwa na idara za ugani za vyuo vikuu vya umma pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1914 ili elimu ya chuo kikuu iwafikie wananchi waliko. Kwa wale tuliokua tukimwona bwana shamba akipita kijijini kwa baiskeli, kazi ni ile ile, isipokuwa hapa bwana shamba ana ofisi yenye kiyoyozi na mwenzake anayeshughulikia watoto. Iowa ina kaunti 99, na kila moja ina ofisi ya ugani yenye kibao cha Iowa State University Extension and Outreach. Huko ndiko kwa kwenda. Wala usiende kwa unyonge kana kwamba unaomba msaada: sehemu ya fedha za ofisi hiyo hutokana na kodi ya majengo ya kaunti, na mwenye nyumba wako bila shaka ameshaijumlisha katika pango unalomlipa kila mwezi.

Kuhusu uraia, fomu ya mtoto haiulizi hati za uhamiaji wala namba ya hifadhi ya jamii. Inauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, darasa, shule, anwani, mtu wa kupigiwa simu jambo likitokea, na taarifa za afya kama vile dawa anazotumia na vyakula vinavyomdhuru. Kisha kuna kanuni za mwenendo ambazo mtoto na mzazi huzikubali wote wawili, na kipengele cha ruhusa ya kupigwa picha, ambacho una haki ya kukikataa bila kueleza sababu. Yote haya hujazwa kwenye mtandao, katika mfumo uitwao 4HOnline; familia hufungua akaunti moja na kuwaingiza watoto wote humo, na mwaka unaofuata unahuisha tu badala ya kuanza upya. Ukishindwa na fomu, mwambie mhudumu wa ofisi kwamba ungependa kuijaza hapo hapo akiwa pembeni yako, na uulize kama wanaweza kukupatia mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu. Ninakushauri usimpe binti yako kazi ya kutafsiri. Ataziweza sentensi, lakini wewe ndiye unayetia saini, na ni vizuri uelewe unachokisaini.

Ada ya mwaka ipo, na kiasi chake hutegemea kaunti. Uliza mapema kama kuna nafuu kwa familia ambazo watoto wao hula shuleni bila malipo. Hakuna sare ya lazima. Gharama inayowaumiza watu si ada ya kujiunga, ni gharama ya mradi ambao mtoto atauchagua, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kukaza macho.

Umri nao una utaratibu wake. Hapa Iowa watoto wa chekechea hadi darasa la tatu huingia kundi la Clover Kids, ambako wanacheza, wanakata karatasi, wanapanda mbegu kwenye vikopo, na hawashindanishwi hata kidogo. Kuanzia darasa la nne hadi la kumi na mbili ndipo wanakuwa wanachama kamili. Kwa hiyo binti yako yumo, na mwanao wa miaka 6 ni wa Clover Kids iwapo kaunti yenu ina kundi hilo. Huyo wa miaka 10 itategemea yuko darasa gani.

Kuhusu usalama, sisi tunaojitolea huchunguzwa rekodi zetu kabla ya kukabidhiwa watoto, tunapewa mafunzo, na kanuni haimruhusu mtu mzima mmoja kubaki faraghani na mtoto mmoja. Tena mzazi anaruhusiwa kukaa mkutanoni. Mimi hupenda wazazi wakae, hasa mwaka wa kwanza.

Mkulima wa Kitale alijibu:

Mama wa Wanne, pole na hongera kwa pamoja. Nataka kugusia kiapo kwanza, kwa sababu nimelisikia onyo hilo hilo kwa watu wetu katika majimbo mawili tofauti.

Herufi nne za H zilizo kwenye jani zinasimamia maneno ya Kiingereza head, heart, hands na health, yaani kichwa, moyo, mikono na afya. Ahadi yenyewe, ambayo imetumika tangu mwaka 1927, husema kwamba mtoto anaweka ahadi ya kichwa chake kwa fikra zilizo wazi zaidi, moyo wake kwa uaminifu mkubwa zaidi, mikono yake kwa huduma kubwa zaidi na afya yake kwa maisha bora zaidi, kwa ajili ya klabu, jamii, nchi na, tangu neno hilo lilipoongezwa mwaka 1973, dunia yake. Basi. Ninyi mliopitia skauti mnajua kwamba hakuna jipya hapo. Mikutano mingi huanza pia kwa ahadi ya bendera ya Marekani. Nimewaona watoto ambao imani ya wazazi wao haiwaruhusu kuitamka. Wanasimama kimya na mkutano unaendelea.

Kwa Mkenya wa rika langu jambo hili si geni. Klabu za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilianzishwa mwaka 1962 kwa kufuata mfano huu huu wa 4-H, na shuleni kwetu tulikuwa na kitalu cha sukumawiki na sungura waliozaana kuliko tulivyoweza kuwahesabu. Baadaye zilififia, na mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazizindua upya. Kwa hiyo, Mama, ukisikia wenyeji wakizungumza kana kwamba hili ni jambo la kwao peke yao, tabasamu tu.

Sasa kuhusu mradi. Wengine watakuambia uanze na ushonaji au kupika. Mimi nasema mpe mtoto mbuzi. Watu wetu wanamjua mbuzi. Huna haja ya kuwa na shamba, kwa kuwa kaunti nyingi zinakubali mnyama afugwe kwa mkulima mwingine mradi mtoto ndiye anayemhudumia na jina lake limeandikishwa. Mzee mmoja wa kanisa tunalosali, ambaye wanawe wamekua na kuondoka, alitupa kona ya banda lake bila malipo, na vijana wangu wakawa wanakwenda kulisha kabla ya shule na baada ya shule. Mtoto anayeamka gizani wakati wa baridi ili kuvunja barafu kwenye ndoo ya maji ya mnyama hatakusumbua juu ya kuamka kwenda shule. Na mwisho wa msimu kuna mnada, ambapo wafanyabiashara wa mji huwanunua wanyama wa watoto kwa bei iliyo juu ya ile ya soko. Kijana wangu mkubwa alifungua akaunti yake ya benki kwa fedha hizo.

Binti wa Kambini alijibu:

Shikamooni wote. Mimi nilizaliwa kambini, nikaingia 4-H hapa Iowa nikiwa darasa la tano, na nikabaki hadi nilipomaliza sekondari. Sasa niko chuo. Kwa heshima zote kwa Mzee wa Kitale, simuungi mkono juu ya mbuzi wa mwaka wa kwanza, hasa kwa familia ambayo baba analala mchana na mama anatoka nyumbani alfajiri.

Kwanza ni tarehe. Hapa Iowa mbuzi, kondoo na nguruwe wa maonyesho ya kaunti lazima waandikishwe kufikia tarehe 15 Mei, na ng'ombe wa nyama mapema zaidi, tarehe 1 Februari. Mbuzi lazima awe na hereni rasmi ya sikioni, ile ya mpango wa serikali wa kudhibiti skrepi, ugonjwa wa ubongo wa kondoo na mbuzi, na mtoto lazima apitie mafunzo ya utunzaji bora wa mifugo yaitwayo YQCA kila mwaka. Ukikosa tarehe, mtoto aliyemlisha mnyama miezi mitatu atakaa jukwaani akiwatazama wenzake. Pili ni usafiri: mara mbili kwa siku, kila siku, pamoja na Krismasi, kwenda kwenye banda la mtu aliye maili kadhaa nje ya mji ambako hakuna basi. Tatu, na hili wazee wetu huliruka, mnyama wa nyama huishia machinjioni. Watoto wetu wanajua kwamba mbuzi huliwa, lakini mbuzi uliyempa jina, ukamwogesha, ukamnyoa manyoya kwa mashine na kumfundisha kutembea kando yako kwa miezi kadhaa, ni habari nyingine. Baada ya mnada nimewaona vijana wakubwa wa sekondari, wenye viatu vya shamba, wakilia nyuma ya banda huku wamefunika nyuso kwa kofia. Maonyesho mengine humruhusu mtoto kurudi na mnyama wake na mnunuzi akatoa zawadi ya fedha tu, mengine hayaruhusu. Ulizeni kabla ya kununua.

Mama, jirani yako anasema yale ambayo yalikuwa kweli zamani. Klabu hizi zilianza kama klabu za mahindi na nyanya. Mwaka 1902 huko Clark County, Ohio, A. B. Graham aliwakusanya watoto wa mashambani, na hapa kwetu Iowa mwalimu Jessie Field Shambaugh wa Page County aliunda mwaka 1910 beji ya jani la sehemu tatu, ambayo baadaye iliongezewa sehemu ya nne. Siku hizi, hata hivyo, orodha ya miradi ina upigaji picha, roboti, useremala, ushonaji, mapishi, kuzungumza mbele ya watu, na mengine mengi ambayo yanafanyika sebuleni kwenye nyumba ya kupanga. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa mandazi.

Nawasimulia jinsi hukumu ilivyokuwa, kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba ni mashindano ya kuumbuana. Ukumbi wa maonyesho ya kaunti, mwezi wa Julai, joto limejaa, meza ndefu zimefunikwa karatasi nyeupe. Mtoto anaketi ana kwa ana na mwamuzi. Mwamuzi wangu, bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alichukua andazi moja kutoka kwenye sahani, akalikata katikati kwa kisu kidogo, akalisogeza karibu na taa ili atazame matundu ya ndani, kisha akaonja kipande. Hapa Iowa kila kitu unachopeleka huambatana na majibu ya maswali matatu: lengo lako lilikuwa nini, ulifanya nini ili ulifikie, na mambo makuu uliyojifunza ni yapi. Akaniuliza moja baada ya jingine, bila haraka, akasubiri Kiingereza changu kitoke. Nilipata utepe mwekundu, si wa bluu ulio juu yake, kwa kuwa karatasi yangu ya mapishi ilisema sukari "ya kutosha" na unga "mpaka ushikane", kama bibi yangu alivyonifundisha. Alinieleza kwamba mtu mwingine lazima aweze kuyapika kutokana na karatasi ile. Utepe hutolewa kwa kulinganisha kazi na kiwango kilichowekwa, si mtoto na mtoto. Watoto kumi wanaweza kupata bluu siku hiyo hiyo katika mradi ule ule.

Kilichonisaidia zaidi kuliko mandazi, hata hivyo, ni mkutano wa kila mwezi. Watoto ndio huuendesha. Wanachagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina kutoka miongoni mwao, wanatoa hoja, wanaungana mkono, wanapiga kura kuhusu fedha za klabu, na watu wazima wanakaa nyuma. Mara ya kwanza mama yangu alishangaa kuona mtoto wa miaka 12 akimwambia baba wa watu asubiri zamu yake ya kusema, na nyumbani alinionya nisijaribu. Lakini nilipokuwa katibu, nikiandika kumbukumbu na kuzisoma mbele ya watu mwezi baada ya mwezi, Kiingereza changu kiliacha kutetemeka.

Sitasema kwamba kila kitu kilikuwa chepesi. Nilikuwa mtoto mweusi peke yangu katika klabu yetu kwa miaka miwili, na kuna wazazi ambao hawakujua wanisalimie vipi, wakaamua kutonisalimia. Historia nayo ipo: katika majimbo ya kusini watoto weusi walikuwa na klabu zao za kando, na utengano huo ulidumu hadi miaka ya 1960. Leo sheria inakataza kubagua, lakini sheria haimpi mtoto rafiki wa kukaa naye. Kama kaunti yenu ina klabu zaidi ya moja, tembeleeni mbili, mkae mkutano mzima, kisha mtoto ndiye achague.

Mama wa Wanne aliandika tena:

Nawashukuru nyote, Mungu awazidishie. Mume wangu amesomewa majibu yote akiwa kitandani kabla ya kwenda kazini. Mvulana yuko darasa la nne, kwa hiyo naona anaingia. Yeye bado anadai mbuzi. Dada yake anataka upigaji picha lakini hatuna kamera. Nina mawili yaliyobaki. Mikutano ni jioni, nami gari letu moja huwa kiwandani usiku. Pia nimeelezwa kwamba kuna kambi ya kulala nje. Sisi tumeshakaa kambi ya kutosha, na sitaki mwanangu alale mbali nami. Je, ni lazima?

Mkulima wa Kitale alijibu:

Binti amenisahihisha kwa adabu, nami nakubali kwamba kwenu, pamoja na zamu hizo, mbuzi asubiri. Lakini msimnyime mtoto hamu yake kabisa. Wakati wa maonyesho mpelekeni bandani, akae na watoto wenye mbuzi, ashike kamba, aulize. Watoto wa mifugo hupenda kuulizwa. Mwaka ujao, kama bado anadai, atakuwa anajua anachodai.

Mlezi wa Klabu alijibu:

Kambi si lazima, Mama. Ni shughuli ya hiari, ina fomu yake na malipo yake, na mtoto anaweza kumaliza miaka yake yote ya 4-H bila kulala hata usiku mmoja nje ya nyumba yenu. Ninachokisisitiza kwa kila mzazi ni mahudhurio ya mikutano na daftari la kumbukumbu za mradi, ambamo mtoto huandika alichofanya, alichotumia na alichojifunza.

Kamera isiwazuie. Picha za simu hupokelewa katika mradi wa upigaji picha. Binti asome tu masharti ya kaunti yenu kuhusu ukubwa wa picha na namna ya kuibandika kwenye kadi ngumu, kwa sababu picha nzuri hupunguziwa utepe kwa kasoro za aina hiyo.

Usafiri ndilo swali zito, na ndilo linalowatoa watoto wengi wa watu wetu kuliko ada. Unapokwenda kuandikisha, usiulize tu klabu gani iko karibu. Mwambie mratibu wa vijana wazi kwamba jioni huna gari. Yeye anawajua walezi wote na familia nyingi, na anajua nani anapita mtaani kwenu. Kaunti nyingine zina klabu zinazokutana shuleni mara tu masomo yanapokwisha, jambo ambalo kwenu lingemaliza tatizo kwa nusu. Mkipata familia ya kuwachukua watoto, nendeni mkaonane nayo kwanza, mjue nyumba yao nao wajue yenu, kama ambavyo tungefanya kwetu.

Nendeni mapema, kwani mwaka wa 4-H huanza pamoja na majira ya shule na vikundi vya miradi hupangwa wakati huo. Mchukueni na mtoto, aongee mwenyewe. Ofisi nyingi hufungwa saa kumi au kumi na nusu jioni, kwa hiyo mumeo akiamka saa nane mchana bado mtawahi wote wawili, na gari litakuwa nyumbani.